Mwongozo kamili wa kuzuru medani za vita vya 1914–1918 Taita-Taveta: kutoka Voi hadi Latema kwa siku mbili

Wasomaji kadhaa wamenirudia na malalamiko yanayofanana kama mapacha. Walisafiri hadi Taveta, wakapanda kilima cha Salaita saa sita mchana, wakaona miiba, mawe na mbuzi, kisha wakashuka wakidhani wamedanganywa. Wengine walifika kwenye makaburi ya vita wakitafuta jina la babu yao aliyebeba mizigo ya jeshi, wakalikosa, wakarudi nyumbani na uchungu. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kufika mahali kabla ya kujua pa kutazama.

Mwongozo huu haurudii historia ya vita vyote. Unachukua njia moja tu ya Kenya, ya takribani kilomita 110 kati ya Voi na Taveta, kwa sababu medani zake zimepangana kandokando ya barabara kama shanga uzini, na mtu asiye na gari la kifahari wala mtaalamu wa kumwongoza anaweza kuzifikia. Ukizifuata kwa utaratibu uliomo humu, utaziona kwa mpangilio ule ule ambao jeshi la Waingereza lilisogea, kutoka reli kuu kuelekea mpaka wa iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kukata tiketi, kwa maana baada ya Mwatate maduka huwa machache.

- Maji lita tatu kwa kila mtu kwa kila siku. Nyika iliyopo kati ya Bura na mto Lumi ni kavu, na mwaka 1916 ukavu huo uliwatesa wanajeshi karibu sawa na risasi.
- Viatu vilivyofunika vifundo vya miguu na suruali ndefu ya kitambaa kigumu. Miiba ya migunga haichagui mgeni na mwenyeji.
- Ramani iliyopakuliwa kwenye simu ili ifanye kazi bila intaneti, pamoja na dira. Usiitegemee simu pekee kukuonyesha mashariki na magharibi, kwa sababu mwongozo huu wote unasimama juu ya kujua adui alitokea upande gani.
- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Taveta ni mji wa mpakani na vizuizi vya polisi ni jambo la kawaida.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino huchuruzika ukitokwa na jasho.
- Kioo kidogo cha mkononi. Kazi yake utaiona katika hatua ya tatu.
- Darubini, kama unaweza kuazima.
- Gari lenye dereva anayekubali kusubiri. Matatu za Voi na Taveta zipo nyingi, lakini hazitakungoja Maktau.

Usibebe kifaa cha kutafutia vyuma ardhini, wala jembe, wala mfuko wa kuwekea "kumbukumbu". Sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kuchimba na kuondoa vitu vya kale bila kibali. Aidha, si kila chuma kilichokaa ardhini kwa miaka mia moja kimeishiwa na nguvu ya kulipuka.

## Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha chagua siku

Nenda Januari, Februari, au kati ya Agosti na katikati ya Oktoba. Sababu si starehe tu. Baada ya mvua za masika na za vuli, nyasi na vichaka huota ndani ya mahandaki na kuyafunika, hata ukapita hatua mbili kutoka kwenye handaki usilione. Mwishoni mwa kiangazi ardhi hubaki uchi na kila kovu lake huonekana.

Februari ina faida ya ziada. Shambulio la Salaita lilifanyika tarehe 12 Februari 1916, kwa hiyo joto utakalolisikia, vumbi utakalolimeza na vichaka utakavyovipita vinakaribiana na vile walivyovikuta wao. Waingereza walikuwa na haraka ya kusonga mbele kabla ya masika, na ukikaa pale hadi mawingu ya Machi yaanze kujikusanya juu ya Kilimanjaro utaielewa haraka hiyo bila kusoma kitabu.

Kuhusu siku, kumbuka kwamba soko kubwa la Taveta huwa Jumatano na Jumamosi. Siku hizo nyumba za wageni hujaa na barabara huwa na malori. Alhamisi na Ijumaa zinafaa zaidi.

Ukitoka Nairobi au Mombasa kwa treni, panda ile inayosimama vituo vya njiani, na uhakikishe kwanza kwamba inasimama Voi. Fika Voi siku moja kabla, ulale, uanze safari alfajiri.

## Hatua ya 2: Tafuta majina kabla ya kuondoka nyumbani

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayowaumiza. Fungua tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana kama CWGC. Chagua Vita vya Kwanza vya Dunia, chagua Kenya, kisha andika jina.

Usiandike jina mara moja tu na kukata tamaa. Makarani waliandika majina ya Waafrika na ya Wahindi kwa kadiri masikio yao yalivyoyapokea, kwa hiyo jaribu kubadilisha L na R, ondoa "Mwa-" au "wa" ya mwanzo, tumia jina la baba peke yake, na tafuta kwa jina la kikosi bila jina la mtu. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza), wale ambao wazee huwaita Keya, wana nafasi fulani ya kupatikana.

Kama babu yako alikuwa mpagazi, jiandae mapema. Vita hivi viliendeshwa kwa vichwa na mabega ya watu, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa kuhara, malaria, njaa na uchovu. Kumbukumbu zao hazikutunzwa kama za wengine. Ripoti ya kamati maalumu ya Tume hiyo hiyo, iliyotolewa Aprili 2021, ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo kukosa jina lake kwenye jiwe hakuthibitishi kwamba hakwenda vitani.

Badala yake, andika ukurasa mmoja katika daftari lako: jina lake, jina la baba yake, kijiji alichochukuliwa, chifu wa wakati ule kama anajulikana, na neno lolote ambalo familia imelihifadhi. Neno "Kariakoo" likitajwa nyumbani, hata kwa utani, liandike. Jina hilo, pamoja na Kariokor ya Nairobi, lilitokana na kikosi cha wapagazi.

Utakuwa umefanikiwa katika hatua hii ukiwa na orodha ya majina matatu au manne ya watu waliozikwa Voi, Maktau na Taveta ambao utawatembelea kwa makusudi, hata kama si wa ukoo wako. Mtu anayeingia makaburini bila jina mkononi huzunguka dakika kumi na kutoka.

## Hatua ya 3: Anza Voi, kwenye makaburi ya vita

Fika saa moja asubuhi. Makaburi ya CWGC hayana kiingilio. Ingia kimya, soma kwanza bamba la maelezo kama lipo, kisha tafuta kisanduku chenye daftari la wageni. Tia sahihi. Si desturi tupu, kwani sahihi hizo zinaonyesha kwamba mahali hapa bado panatembelewa.

Tafuta kaburi la Wilbur Dartnell, luteni mzaliwa wa Australia aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguuni, na alipoona kuwa majeruhi waliozidiwa hawawezi kubebwa, akasisitiza aachwe pamoja nao kwa matumaini kwamba angewaokoa. Likariri jina lake, maana baada ya saa chache utakuwa umesimama katika nyika ile ile alikoachwa.

Kusoma maandishi yaliyofifia. Usisugue jiwe kwa chaki, wala majani, wala mswaki, kwa sababu kila msuguo huondoa punje za jiwe na kupunguza umri wa herufi. Shika kile kioo kidogo pembeni mwa jiwe, uelekeze mwanga wa jua ulambe uso wake kutoka ubavuni. Herufi zitatoa vivuli na kusomeka, hata zile ambazo ukizitazama kwa mbele ni kama hazipo. Piga picha hapo hapo.

Kabla ya kutoka, fanya hesabu moja ndogo. Hesabu mawe yenye majina ya Waingereza na wenzao, kisha hesabu mawe yenye majina ya Waafrika. Andika namba hizo mbili katika daftari. Sitakuambia utapata nini. Utalifanya zoezi hili tena Taveta.

## Hatua ya 4: Mwashoti na Maktau, fuata maji na reli

Kutoka Voi barabara inapita Mwatate, penye mashamba makubwa ya mkonge, kisha Bura. Hapa wageni wengi huuliza kwa nini jeshi lilijenga ngome mahali pasipo na mji. Jibu liko juu ya milima upande wa kulia: maji. Vijito vya Bura ndivyo vilivyokuwa tegemeo la mwisho kabla ya nyika, na yeyote aliyetaka kuivuka ilimbidi avilinde.

Ngome ya Mwashoti ni kuta za mawe zilizopangwa, na ndani ya kuta hizo utaona matundu ya kufyatulia risasi. Usiipige picha ukaondoka. Inama mpaka jicho lako lilingane na tundu moja, kisha tazama nje. Utaona kipande chembamba cha nchi, labda upana wa mlango, na ndicho kipande pekee ambacho askari aliyekaa hapo usiku kucha aliruhusiwa kukijua. Hamia tundu la pili, halafu la tatu. Vipande hivyo vinapishana kidogo ukingoni, bila pengo katikati. Ukishaligundua jambo hilo kwa jicho lako mwenyewe, umejifunza kuisoma ngome, na utaweza kuisoma yoyote.

Usipande juu ya kuta. Mawe yakianza kuanguka hayarudi mahali pake.

Endelea hadi Maktau. Reli ya kijeshi iliyoanzia Voi ilifika hapa mwaka 1915, na kambi kubwa ikajengwa. Tafuta tuta la reli ya zamani, utembee juu yake mita mia mbili hivi. Reli ndiyo iliyoleta chakula, risasi na maji, na ilipokoma, mzigo wote ulihamia vichwani mwa wapagazi.

Maktau pana pia makaburi ya askari wa Kihindi. Wageni wengi huyapita kwa kudhani kwamba ni ya raia. Wahindi walipigana hapa kwa wingi, wakiwemo Wabulushi wa kikosi cha 130 ambao utakutana nao tena Salaita. Ingia kwa heshima ile ile uliyoingia nayo Voi.

Tahadhari. Baada ya Maktau barabara inakatiza eneo la Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Usishuke kwenye gari njiani kwa sababu yoyote ile, hata kama umeona mbuyu mzuri. Tembo wa huku hawana haraka, wala hawana mzaha.

Mbuyuni, mahali ambapo Waingereza walishambulia tarehe 14 Julai 1915 wakashindwa, utapaona ukipita tu. Patazame kupitia dirishani, uandike saa na kilomita, uendelee. Fika Taveta kabla ya alasiri, ule, upumzike, uulize habari za Salaita kwa ajili ya kesho.

## Hatua ya 5: Salaita, na kosa la kupanda juu kwanza

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Salaita ni kilima kifupi kilicho kati ya kilomita 10 na 15 mashariki mwa Taveta. Katika ramani za zamani unaweza kukikuta kwa jina la Oldorobo. Asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916, jeshi la Waingereza la watu wapatao 6,000, wakiwemo askari wa Afrika Kusini waliokuwa wageni kabisa wa vita vya nyika hii, lilikiendea kilima hiki kutoka mashariki. Mizinga yao ilikipiga kileleni. Lakini Wajerumani na askari wao Waafrika hawakuwa wamejichimbia kileleni. Walikuwa chini, kwenye miguu ya kilima, ndani ya mahandaki yaliyofichwa na vichaka. Mabomu yalivunja mawe juu, na watu waliokuwa chini wakangoja wakiwa wazima. Waafrika Kusini walipoteza zaidi ya watu 130, baadhi wakiuawa, baadhi wakijeruhiwa au kupotea, na waliporudi nyuma ni Wabulushi waliosimama imara kuwakinga.

Mgeni anayekimbilia kileleni anarudia kosa la mizinga ile.

Kwanza, simama mashariki. Toka Taveta saa kumi na mbili asubuhi, ukipite kilima, kisha mwambie dereva asimame mahali salama kando ya barabara kama kilomita mbili mbele. Geuka nyuma. Jua litakuwa mgongoni mwako na kilima kitakuwa kimeangazwa chote mbele yako, huku Kilimanjaro ukionekana nyuma yake kama hakuna mawingu. Hivi ndivyo washambuliaji walivyokiona. Kaa karibu na gari, kaa dakika kumi. Jiulize: ningeelekeza mizinga wapi? Karibu kila mtu hunyoosha kidole kileleni.

Pili, tafuta mwenyeji. Ardhi inayozunguka kilima ina watumiaji wake na mifugo yao, na kuingia bila kuomba ni utovu wa adabu na pia ni upotevu wa muda. Mtafute mzee wa kijiji. Usianze na "Vita vya Kwanza vya Dunia", kwa sababu wazee wengi hawaviiti hivyo. Mazungumzo huwa mepesi namna hii:

"Shikamoo mzee. Tumekuja kuona mahandaki ya vita vya Mjerumani."

"Marahaba. Mmetumwa na serikali?"

"Hapana mzee. Tumekuja wenyewe, na tunaomba mtu wa kututembeza."

Atakupa kijana, na kijana huyo anajua mahandaki yaliko kwa sababu mbuzi wake hujificha jua ndani yake. Kubalianeni malipo kabla ya kuanza, umlipe mkononi mkimaliza.

Tatu, zunguka chini kabla ya kupanda. Handaki la zaidi ya miaka mia moja halifanani na la kwenye picha. Limejaa udongo, pengine limebaki na kina cha goti tu. Ili usilichanganye na vitu vingine, tumia vipimo hivi:

1. Korongo la maji huteremka kufuata mteremko, na ndani yake huwa na mchanga uliopangwa na maji. Handaki hukatiza mteremko.
2. Njia ya ng'ombe nayo hukatiza mteremko, lakini haina tuta pembeni. Handaki lina tuta la udongo upande mmoja, na tuta hilo huwa upande wa adui, kwa sababu mchimbaji hutupa udongo mbele yake ili umkinge. Hapa tafuta tuta upande unaotazama mashariki.
3. Handaki zuri halinyooki kwa urefu mkubwa. Hupinda baada ya hatua kadhaa ili risasi moja isilipitie lote.

Jua la asubuhi likiwa bado chini, tuta hutoa kivuli na mstari mzima huonekana. Kufikia saa tano kivuli kimekwisha, na handaki hugeuka kuwa ardhi ya kawaida. Ndiyo maana nasisitiza alfajiri.

Ukilipata, ingia ndani polepole baada ya kuangalia nyoka, uchuchumae, ukitazama mashariki. Pale uliposimama saa moja iliyopita na gari lako panaonekana wazi kabisa. Wewe, ukiwa pale, hukuweza kuona chochote hapa. Ukiuona ukweli huo kwa macho yako, ziara ya Salaita imefanikiwa, hata usipopanda kilele.

Baada ya hapo panda ukitaka. Mandhari ni mazuri.

Kuhusu mbuyu wa mdunguaji. Watembeza wageni hupenda kusimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani ya mbuyu akiwadungua askari kwa kulipiza kisasi cha mumewe, na watakuonyesha matundu kwenye gome. Isikilize kama ngano, na ni ngano tamu. Ila ujue kwamba warina asali wa nchi hii hupigilia vigingi vya mti kwenye mibuyu ili wapande kufuata nyuki. Matundu yaliyopangana kwenda juu, kila moja kwa urefu wa hatua ya mtu, ni ngazi ya asali.

Tahadhari. Ukiona ganda la risasi, kipande cha bomu au kopo lenye kutu, lipige picha likiwa pale pale lilipo, na uliache. Kitu kilichobaki mahali pake kinaeleza nani alikuwa wapi. Kikishaingia mfukoni mwako kinakuwa chuma chakavu. Watoto wakikuletea vitu kama hivyo kuuza, kataa kwa upole, kwa sababu ukinunua kimoja umewalipa waende kuchimba kumi. Chochote chenye umbo la yai au la chupa ya chuma usikiguse kabisa. Weka alama kwenye ramani, waambie polisi wa Taveta.

## Hatua ya 6: Taveta mchana, Latema na Reata alasiri

Rudi Taveta kwa chakula, kisha uende kwenye makaburi ya vita ya mjini. Rudia zoezi la kuhesabu, ulinganishe na namba zako za Voi. Tafuta tarehe zilizo kati ya 11 na 12 Machi 1916, uandike majina mawili au matatu. Majina hayo utayapeleka nawe juu ya kilima.

Latema na Reata ni vilima viwili upande wa kusini-magharibi mwa Taveta, vyenye mwanya katikati. Wajerumani walikuwa wameiacha Salaita bila vita siku chache kabla, baada ya Waingereza kuizunguka kwa upande wa ziwa Chala, na sasa waliufunga mwanya huu kulinda njia ya kwenda Kahe. Mchana wa tarehe 11 Machi askari wa KAR, Wabulushi na Warhodesia walipanda wakiwa wameelekea magharibi, na kamanda wa KAR ya tatu, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Usiku Waafrika Kusini walipelekwa wakiwa na singe, vile visu vya kuchomeka kwenye bunduki. Mapigano yakavurugika gizani, vikosi vikapotezana, na wakuu wakaamuru kurudi nyuma bila kujua kwamba makundi madogo ya watu wao yalikuwa yameng'ang'ania juu ya vilima. Kulipokucha, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka.

Fika saa tisa alasiri, usimame upande wa Taveta, ukiutazama mwanya. Jua litakuwa linakuja machoni mwako, na miteremko inayokuelekea itakuwa inaingia kivulini. Jaribu kuhesabu miti kwenye kivuli kile. Utashindwa, na kushindwa huko ndiko nilikotaka ukuone.

Omba ruhusa kama ulivyofanya Salaita, halafu panda kilima kimoja tu, usijaribu viwili. Ardhi ni ya mawe yanayoteleza. Usifuate njia inayoteremka upande wa magharibi bila mwenyeji, kwa sababu mpaka wa Tanzania uko karibu na hauna ukuta, na kueleza kwa lugha nzuri kwamba ulikuwa unatafuta mahandaki hakutakuokoa na usumbufu. Uwe chini, ndani ya gari, kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kuna jambo moja la kulifanya ukiwa juu. Soma kwa sauti majina uliyoyaandika makaburini. Halafu kumbuka kwamba upande wa pili wa mwanya walikuwepo pia askari Waafrika, waliosajiliwa kutoka Tanganyika na kwingineko, na kwamba pande zote mbili watu waliamrishana na kuitana kwa Kiswahili. Mtu aliyepotea gizani usiku ule, akisikia sauti ikiita "Nani huyo?", hakuweza kujua kwa lugha peke yake kama ni rafiki au adui.

## Hatua ya 7: Malizia Nairobi, si kuanzia

Wenye kuishi Nairobi hupenda kuanza na sanamu za askari zilizo Kenyatta Avenue kwa sababu ziko karibu. Nashauri kinyume. Ukizitazama kabla ya safari utaona wanaume watatu wa shaba. Ukizitazama baada ya safari, jicho lako litakwenda lenyewe kwa mpagazi.

Fika Jumapili asubuhi mapema, kabla magari hayajajaa, kwa sababu siku za kazi huwezi kurudi nyuma hatua tano bila kupigiwa honi. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Anza na ya Kiswahili. Yanasema kwamba wapagazi ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanamwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Kisha izunguke nguzo yote polepole ukitafuta jina lolote la mpagazi au la askari. Halipo hata moja.

Toa daftari, ufungue ule ukurasa ulioandika katika hatua ya pili, uupige picha ukiwa umeushika mbele ya sanamu ili maandishi yote mawili yasomeke katika picha moja. Nakala moja wape wazee wa nyumbani. Nyingine ihifadhi pamoja na ramani yenye alama zako, picha za mawe ya makaburi, na zile hesabu mbili za Voi na Taveta.